Bustani Iliyo Darasa la Watu Wazima

Leo twapenda kunena juu ya bustani ya mimea. Hatusemi bustani ya mboga, bali mahali pa watu wote, ambapo miti ya nchi mbalimbali hupandwa na kutunzwa ili ijulikane.

Bustani ya namna hiyo iko Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, nayo ilianzishwa mwaka 1898. Nyingine iko Amani, katika milima ya Usambara. Wajerumani waliianza mwaka 1902, wakajaribu huko mimea ya biashara kama mpira na miti ya kwinini. Na huko Kew, London, watu wazima huja kufundishwa kazi za mimea katikati ya mimea yenyewe.

Je, kwa nini bustanini? Kwa kuwa mtu mzima hujifunza upesi kwa jicho na mkono. Hushika jani, hunusa gome, huuliza. Tena haji mtupu. Mkulima wa Nyakatuntu, hata asiyejua kusoma, aweza kutaja aina za migomba ya kibanja chake moja moja. Mwalimu mwenye busara huanzia hapo.

Haja ya masomo hayo twaijua. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na baada ya miaka michache ukaingia Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani zimeoza. Hapana dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha kuugua. Kinga yake ni maarifa: ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho ikiisha kutokeza, kwani wadudu huchukua ugonjwa huko, kisu kipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, mgomba mgonjwa uondolewe.

Basi tazameni: ugonjwa haujui mpaka wa kibanja. Jirani mmoja asiyejua aweza kuwatia hasara kumi wanaojua. Kwa hiyo elimu hii si ya vijana wa shule peke yao. Baba, mama na bibi wote yawapasa kuipata.

Sisi hatuna Entebbe yetu, lakini tunayo njia iliyokwisha kutumika katika Kagera, yaani shamba darasa. Wakulima hukutana katika shamba moja, hutazama mimea pamoja, hujaribu, hubishana, kisha kila mtu huenda kufanya kwake aliyoyaona. Kila kijiji kichague kibanja kimoja, na humo ipandwe pia miti ya asili na ya dawa, wazee wakifundisha majina yake kabla hayajasahauliwa.

Wako waonao haya kufundishwa wakiwa na mvi. Twawaambia: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aibu hupita, bali kibanja kikifa watoto hulala na njaa.