Simu Mkononi, Loliondo

Msikilizaji, turudi Loliondo, wilayani Ngorongoro, Juni 2022. Vigingi vilikuwa vikisimikwa kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya uhifadhi. Wananchi na polisi wakakabiliana, askari mmoja akauawa, wanakijiji wakajeruhiwa. Majeraha hayo wengi wetu tuliyaona kupitia simu za wafugaji wenyewe. Wewe uliye Karatu mjini yanakuhusu nini? Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kutafuta na kutoa habari. Kwa upande wa pili, maofisa wana hoja: picha hukatwa, na picha iliyokatwa huchochea. Sawa, basi waitoe iliyo kamili. Pale lango la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, mtalii hupiga picha mpaka achoke. Je, mfugaji akiinua simu mbele ya ofisa, nani atamlinda?