Wimbo ni wa Bwana, jasho ni la mwanakwaya
(Maneno ya mratibu kwa kamati za parokia, Nyegezi)



Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, nianze na kosa langu. Hapa Nyegezi kijana wa kibandani aliniwekea nyimbo za kwaya kwenye flashi. Nilimlipa yeye, wanakwaya hawakupata hata senti. Kwa kuwa zilikuwa nyimbo za dini, sikuona ubaya.

Tukumbuke albamu hutokana na nini. Wanakwaya, wengi wao wakulima na wachuuzi wa samaki, huchangishana ada ya studio, nauli na sare. Wasipouza, deni hubaki kwao na albamu ya pili hairekodiwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda, na COSOTA ipo kuisimamia, lakini haiwezi kukagua kila simu. Hapo inabaki dhamiri.

Wapo wasemao Neno la Mungu haliuzwi. Ni kweli. Lakini studio hailipwi kwa sala, na sadaka hutolewa na mwenye mali, haichukuliwi bila yeye kujua.

Naomba kila kamati inunue nakala halisi kutoka kwa kwaya yenyewe. Asiye na uwezo aombe ruhusa. Mimi nimefuta zile nyimbo na nimeanza kununua upya.