Mwangwi wa Uongo
Maneno tuliyowaambia vijana wa tawi letu



Mmetuuliza mara nyingi: ndege za vita hupitaje mbele ya rada zisidunguliwe? Sisi tuliosomea ualimu twapenda kujibu kwa mfano. Mtaona hapana uchawi hapa, ni hesabu tu.

Ukipiga ukelele mbele ya mlima, sauti hurudi. Rada nayo hutupa mawimbi ya redio. Yakigonga ndege hurudi, na muda wa kwenda na kurudi humwambia askari ndege iko mbali gani. Basi rubani ana njia mbili za kumpoteza. Ya kwanza ni kupiga makelele ya redio, kama mtu apigaye debe sikioni pako nawe wasikiliza nyayo za mwizi. Ya pili ni kumpa mwangwi wa uongo.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943, Waingereza walipeleka ndege 791 kuupiga mji wa Hamburg, Ujerumani. Njiani walimwaga mafungu kwa mafungu ya vipande vya karatasi yenye alumini, kila kimoja urefu wa sentimita 27 hivi. Kwa nini 27? Wimbi la rada iliyoongoza mizinga ya Wajerumani lilikuwa na urefu wa sentimita 54 hivi, na kipande cha nusu ya wimbi ndicho kirudishacho mwangwi kwa nguvu. Vioo vya rada vikajaa ndege zisizokuwapo. Mizinga ikapiga ovyo, kurunzi zikatangatanga angani. Ndege 12 tu hazikurudi.

Sasa sikilizeni vema. Hila hiyo Waingereza walikuwa nayo tangu 1942, wakaificha wakihofu Wajerumani wataiiga. Kumbe Wajerumani nao walikwisha kuijaribu, wakaificha kwa hofu ile ile! Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi huu ulikuwa na kata mbili.

Wala hila haikudumu. Wajerumani wakazipa ndege zao za usiku rada ya wimbi refu zaidi, ambayo vipande vile havikuidanganya. Usiku wa kuamkia 31 Machi 1944, mbalamwezi ikiwaka, Waingereza walipeleka ndege 795 Nuremberg. Ndege 95 hazikurudi.

Tena tusiwasahau waliokuwa chini. Rada ile iliyofumbwa macho ndiyo iliyokuwa mlinzi wao. Mashambulio ya Hamburg ya siku zile yaliua watu zaidi ya 30,000, wengi wao katika moto wa usiku wa kuamkia 28 Julai, na wengi walikuwa raia, wanawake na watoto.

Ndugu zetu, mtu akiwaambia kwamba elimu ni mali ya taifa moja, mkumbusheni vipande vile vya karatasi. Anayepima wimbi kwa rula na kalamu huijua siri, awe nani, atoke wapi. Basi shikeni hesabu, na mkiisha kuijua, ulizeni kila mara: ni nani aliye chini?