Mpira Uko Wapi? Utangazaji wa Soka kwa Msikilizaji Asiyeona



Januari 1927, BBC ilipotangaza moja kwa moja mechi ya raga ya England na Wales kutoka Twickenham, mtangazaji Teddy Wakelam alikalishwa karibu na mtu asiyeona, akaambiwa amsimulie huyo. Wiki moja baadaye ikatangazwa mechi ya soka, Arsenal na Sheffield United. Jarida la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye namba, na mtangazaji wa pili akawa anataja namba ya mraba ulipo mpira. Kazi yetu sisi watangazaji basi ilianza na swali moja: mpira uko wapi?

Siku hizi swali hilo tunaliacha. Mshambuliaji anatajiwa umri, klabu alizopitia na ada ya usajili, na huku mpira umeshatoka kwa beki wa kulia na kuzaa kona. Mwenye televisheni hapotezi kitu. Asiyeona amepoteza shambulizi zima. Kwake mahali ndipo pa kwanza, kisha mtu, kisha tendo: "Kulia, hatua chache nje ya kumi na nane, winga ana mpira, anaingia ndani, anapiga krosi, kipa anadaka." Bashasha ije baada ya hapo, tena ije kwa wingi.

Tusidhani asiyeona akienda uwanjani anabaki gizani. Siku ya Simba na Yanga pale uwanja wa Benjamin Mkapa, jukwaa linamweleza mengi. Kelele zinapanda kadiri mpira unavyolisogelea lango. Mguno wa shuti lililogonga mwamba si ule wa shuti lililopaa. Upande mmoja ukilipuka, ukakatika ghafla, kisha ule wa pili ukashangilia, anajua kibendera kimeinuliwa: ameotea. Asichokipata ni nani alipiga, kwa mguu gani, na kutokea wapi. Hapo ndipo anapotuhitaji sisi.

Naye akitusikiliza kwa intaneti, tunamchelewesha. Jukwaa zima limesimama, jirani anamkumbatia, na sikioni mwake mpira bado unarushwa. Huo ni unyang'anyi wa furaha yake. Dawa yake ni mtambo mdogo wa FM, wenye kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, unaosikika ndani ya uwanja tu, na mtangazaji aliyefundwa kwa kazi hiyo. Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil lilikuwa na utangazaji wa namna hii katika baadhi ya viwanja. AFCON ya 2027 tumepewa sisi Watanzania, pamoja na Kenya na Uganda. Naomba jambo hili liingizwe kwenye maandalizi sasa, kabla bajeti hazijafungwa.

Mazoezi ya utangazaji huu hayana gharama. Chukua ubao wenye mistari ya uwanja iliyoinuliwa, msikilizaji asiyeona afuate mpira kwa kidole huku mmoja wetu akitangaza. Kidole kikisimama na mpira unaendelea, rudia dakika hiyo. Baada ya chakula cha mchana tutaanza na zoezi hilo.