Hataza ya Nchi Gani?

Msikilizaji, mtafiti wa mbegu akikwambia, "Teknolojia ile siigusi, ina hataza," yaani mvumbuzi wake ana haki kisheria ya kuwazuia wengine kuitumia, muulize: hataza ya nchi gani?

Masuala ya hataza yamemshughulisha kwa miaka mingi Richard Jefferson, mwanabiolojia wa molekuli mzaliwa wa Marekani aliyehamia Australia. Miaka ya 1980 alibuni mbinu iitwayo GUS. Jeni ya bakteria huingizwa kwenye mmea. Ukitia dawa maalumu, pale jeni inapofanya kazi pana­geuka buluu. Kabla hata ya kuchapisha matokeo, Jefferson aliwagawia wenzake vifaa na maelezo, bure. GUS ikaenea duniani.

Baadaye akaanzisha taasisi ya Cambia. Wakati huo njia kuu ya kupenyeza jeni kwenye mimea ilitegemea bakteria mmoja, Agrobacterium, naye alikuwa amezingirwa na hataza kila upande. Mwaka 2005 kundi lake lilionyesha katika jarida la Nature kwamba wapo bakteria wengine wanaoiweza kazi hiyo. Mbinu ikatolewa kwa leseni yenye sharti: ukiiboresha, usiwafungie wenzako. Lakini tusimpambe mno. Bakteria hao walikuwa wazito kazini, na maabara nyingi zimebaki na yule wa zamani.

Mimi namheshimu zaidi kwa kazi isiyo na mbwembwe: The Lens, hifadhi ya intaneti ambamo yeyote hutafuta bure hati za hataza zaidi ya milioni 100.

Faida yake kwetu? Hataza hulinda pale iliposajiliwa tu, kwa kawaida miaka 20. Iliyosajiliwa Marekani peke yake haimzuii mtafiti wa Morogoro. Akitaka kuuza bidhaa yake huko Marekani, hapo ndipo ana kesi. Tena mwenye hataza hulazimika kueleza hadharani uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Maelezo yameandikwa kisheria mno, yanachosha, lakini yanasomeka.

Ningependa mwanafunzi wa kilimo afundishwe kusoma hati hizo kama anavyofundishwa kutumia hadubini: imesajiliwa wapi, ada inalipwa, inaisha lini? Kwa Kenya ataulizia ofisi inayosajili hataza, KIPI; kwa Tanzania Bara, BRELA. Na asiipite ARIPO, shirika la kikanda la hataza kule Harare, maana hataza inayotolewa huko yaweza kuwa na nguvu Nairobi na Dar es Salaam pia.