Mafuta Yana Vinasaba, Plagi Je?

Bei mpya za mafuta mmeshazisikia. Ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, imetoa bei kikomo kama ilivyo ada, taarifa ya habari imezisoma, na tangu asubuhi vijiweni hakuna mazungumzo mengine. Hatutazirudia. Kituo hiki leo kinauliza kitu kidogo tu, kitu kinachofichika kwenye kiganja: hiyo petroli uliyoinunua kwa bei kikomo, inaungua yote?

Na kama haiungui yote, inakwenda wapi?

Inakwenda hewani, ndugu msikilizaji. Plagi ya pikipiki ikiwa mbovu, cheche inakuja dhaifu, au mara inakuja, mara haiji. Petroli iliyokosa cheche haisubiri zamu nyingine. Inatoka na moshi. Umeilipia pampuni, umeimwaga barabarani, kisha jioni unasema mafuta yamepanda. Ni kweli yamepanda. Lakini mengine umeyatema.

Na plagi feki zimejaa. Tumekwisha kulisema hili hapa hapa, na leo tunalisema tena.

Mafuta yana vinasaba. Tangu 2010 Tanzania inaweka vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwenye mafuta, kwa sababu wananchi walichoka na uchakachuaji, petroli kutiwa mafuta ya taa na magari kufa njiani. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchakachuaji asione faida. Pampu nayo inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Yote hayo ni mema, na tunayapongeza. Lakini mafuta hayo yaliyolindwa kuanzia melini hadi kwenye mpira wa pampu, yakishaingia kwenye silinda yanakabidhiwa nani? Yanakabidhiwa plagi ambayo hakuna aliyeikagua. Mafuta yana vinasaba, plagi haina.

Wiki iliyopita mwandishi wa maoni haya alisimama kwenye kaunta ya duka moja la spea. Kijana akaja anasukuma pikipiki, helmeti imening'inia kwenye kiwiko, jasho linamtoka. "Kaka, nipe plagi." Muuzaji hakumuuliza ni pikipiki gani. Alimuuliza: "Orijino au ya kawaida?"

Lisikilize vizuri neno hilo. Ya kawaida. Feki imepewa jina la heshima.

Zikawekwa mbili juu ya kioo. Vikasha vyote viwili vimeandikwa NGK, vyote viwili D8EA, ila bei ya kimoja ilikaribia mara tatu ya kile kingine. Tukaipapasa ile ya bei rahisi. Ncha yake ya katikati imekaa upande, kama jino lililoota vibaya. Kipete cha shingoni kinacheza, ukiinamisha plagi kinadondoka. Sredi zake zinakwaruza kidole. Maandishi ya kwenye kauri nyeupe tukayakwangua kwa ukucha, wino ukabaki kwenye ukucha. Kijana aliona yote hayo kwa macho yake. Kisha akachukua hiyo hiyo. "Mzee wangu," akasema, "hesabu haijatimia."

Hatumlaumu, ana hesabu ya kumpelekea tajiri, mwenye pikipiki. Vijiwe vingi vinakwenda hivi: injini ikifa ni ya tajiri, lakini oili na plagi ni za dereva. Na dereva huyo akichoka, pikipiki inashikwa na deiwaka, yaani dereva wa muda, ambaye anachotaka ni iwake mpaka usiku. Tajiri anasema plagi ni ya dereva. Dereva anasema injini ni ya tajiri. Deiwaka anasema vyote ni vya watu. Feki inapita katikati yao, inaingia kwenye hedi, inakula mafuta ya wote watatu.

Na si feki tu. Hata plagi halali huuzwa kama njugu, bila kuuliza inakwenda wapi. Ile D8EA si urembo, ni anwani. D maana yake sredi yenye kipenyo cha milimita 12. E maana yake sredi yenye urefu wa milimita 19. Nane ni daraja la joto. Ni plagi ya pikipiki nyingi za Kichina zilizorithi injini ya Honda CG125, ile iliyoingia sokoni 1976. Lakini Boxer si SanLG, na TVS si Boxer. Kila moja ina kitabu chake, na kitabu kinataja plagi yake. Fundi atakwambia, "Inaingia hii, usijali." Bwana fundi, kuingia si kufaa! Plagi ndefu kupita kiasi yaweza kugongwa na pistoni. Iliyo fupi inawakia shimoni, na sredi za hedi zinazobaki wazi zinajaa masizi.

Halafu hiyo namba ya joto. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikiwa kubwa plagi ni ya moto zaidi. Fundi akihama kampuni huku anafuata namba peke yake, amekwisha potea. Plagi yenye moto uliozidi inageuka kaa ndani ya silinda. Petroli inalipuka kabla ya cheche, na pistoni inatoboka. Hapo ndipo tajiri anapoitwa.

Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, plagi inadaiwa kuiwasha mara 50 kila sekunde. Kila sekunde. Wewe ukipangusa jasho, yenyewe imeshawasha mara mia. Kazi hiyo tumempa nani? Tumempa "ya kawaida". Mafuta yana vinasaba, plagi haina.

Tunajua majibu tutakayopewa. Tutaambiwa bodaboda wenyewe wanapenda vya bei rahisi. Tutaambiwa vijana hawajui. Wangejulia wapi? Akija ofisa kijiweni, anakuja na helmeti, leseni na faini. Ni sawa, helmeti inaokoa roho. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu alikwenda kijiweni na spana ya plagi, akawaambia vijana fungueni tuone?

Maana plagi inasema. Ifungue, iangalie mdomo. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyopauka, kama chai ya maziwa, injini ina afya. Ikiwa nyeusi kavu, mafuta yanazidi au eya klina imeziba. Ikiwa nyeusi na inateleza kwa oili, shuku ringi za pistoni. Ikiwa nyeupe kama imechomwa, joto limezidi, simama utafute sababu. Lakini fundi wetu anaifungua, anaitupa mtaroni, anafunga nyingine. Au anaichoma kwenye moto, anaisugua msasa, anaigonga kwenye jiwe kukadiria mwanya kwa jicho. Mwanya wa D8EA ni milimita 0.6 hadi 0.7. Jicho gani hilo? Hata bledi ya msumeno wa chuma ina unene unaokaribia hapo, na kipande chake hakikosekani gereji yoyote.

Sasa tuseme na kila mmoja kwa zamu yake.

TBS na Tume ya Ushindani, ingieni madukani. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963, haisubiri kutungwa. Msiishie Kariakoo, na msiende siku moja yenye kamera mkarudi. Nendeni Kahama, nendeni Mbalizi, nendeni kwenye kibanda cha njia panda kinachouza plagi pembeni ya vocha. Mchakachuaji wa mafuta alifuatwa mpaka kwenye tangi. Mfuateni na huyu mpaka kwenye kaunta.

Wewe tajiri, nunua plagi mwenyewe. Usimwachie mtu wa hesabu alinde injini yako kwa pesa yake ya chakula. Pikipiki inayokimbia kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inapita kilomita 10,000 ndani ya miezi minne. Plagi moja ya uhakika kwa miezi minne inakushinda nini, wakati silinda mpya hujashindwa kuinunua?

Ninyi viongozi wa vijiwe, mnachangishana kwa msiba na kwa harusi. Changishaneni na kwa plagi! Nunueni kwa pamoja, kwa muuzaji anayekubali kuandika jina lake kwenye risiti. Asiyetaka kuandika amekwisha kujibu.

Na wewe kijana, uliyetusikiliza ukiwa juu ya tangi unasubiri abiria. Taja pikipiki yako kabla ya kutaja plagi. Dai risiti. Siku ya kubadilisha, subiri injini ipoe. Anza kuifunga kwa vidole mpaka ikae, kisha plagi mpya uikaze kwa spana nusu mzunguko, basi. Hedi yako ni aluminiamu, plagi ni chuma. Ukitumia ubabe, hedi ndiyo inayokufa. Na ile ya zamani usimruhusu fundi aitupe kabla hujaisoma.

Bei ya pampuni hatuwezi kuishusha kutoka studio hii, na wewe huwezi kuishusha kutoka kijiweni. Feki ya kaunta tunaiweza. Leo hii, kabla ya kulipa, itoe plagi kwenye kikasha. Ishike. Igeuze. Ikwangue! Wino ukibaki kwenye ukucha, irudishe juu ya kioo, mbele ya watu, na useme kwa sauti kwa nini unairudisha.

Haya ni maoni ya kituo hiki.