KOO ZA JENI KATIKA MBEGU YA PAMBA
Hotuba kwa wakulima wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu



Utazame mche wa pamba wenye miezi miwili. Chini umetoa matawi ya majani. Juu yake umetoa matawi ya kubeba maua. Nani aliyeuambia mche ubadili kazi? Si mvua peke yake, wala si jembe lako. Amri hiyo imo ndani ya mbegu, nayo hutolewa na jeni.

Jeni ni maagizo madogo sana yaliyomo katika kila seli ya mmea. Tena jeni zina koo, kama watu walivyo na koo. Zamani sana jeni moja ilijinakili, nakala zikaongezeka, na kila moja ikashika kazi yake. Ndugu hao hufanana, lakini kazi zao ni mbalimbali.

Katika pamba wako ndugu wawili wa ukoo mmoja wanaoshindana. Mmoja huuhimiza mche utoe maua. Mwingine huuamuru uendelee kurefuka. Wakipimana vema, mche hupata kimo na vitumba pia. Wa kurefusha akizidi mno, utavuna majani.

Ukoo mwingine huitwa MYB. Uzi wa pamba ni unywele wa mbegu: ni seli moja tu ya ngozi yake, iliyorefuka hata kufika milimita 25 hadi 30. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walieleza jinsi walivyozima jeni moja ya ukoo huu. Mbegu zilitoka uchi, hazina nyuzi, ingawa manyoya ya sehemu nyingine za mmea yalibaki. Basi jeni moja ikinyamaza, hakuna cha kupeleka mizani.

Manyoya ya jani nayo yana faida. Jasidi ni wadudu wadogo wa kijani wafyonzao utomvu chini ya jani. Katika miaka ya 1920, huko Barberton, Afrika ya Kusini, ilichaguliwa pamba yenye manyoya mengi ambayo jasidi hawakuimudu. Uzao wake ulifika Tanganyika, na kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kikaendelea kuchagua iliyo bora. Wachaguzi wale hawakuziona jeni. Walitazama mimea tu. Mbegu za UK91 na UKM08 zimetoka katika kazi ya kituo hicho.

Haya yakuhusu nini wewe? Mbegu mbili zaweza kufanana mkononi, lakini maagizo yake yakawa mbalimbali. Mbegu zikichanganyika, au nyuki wakileta chavua ya pamba nyingine, nyuzi ndefu na fupi hutoka shamba moja. Kiwanda cha kusokota hakiitaki pamba ya namna hiyo, na hasara hurudi kwako kwa njia ya bei.

Kwa hiyo yakupasa kufanya haya:

1. Panda mbegu iliyothibitishwa, uliyoipata kwa chama chako cha msingi. Usipande mbegu ambayo asili yake haijulikani.

2. Panda kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Desemba. Uzi huanza kuota siku ua linapofunguka, hurefuka kwa wiki tatu hivi, kisha ukuta wake hunenepa. Jeni hutoa amri, lakini maji ndiyo yanayoisukuma seli irefuke. Kiu ikiupata mche siku hizo, uzi utakuwa mfupi hata kama mbegu ni njema.

3. Punguza miche mapema na kupalilia kwa wakati. Miche iliyosongamana hutiliana kivuli, na vitumba vichanga hudondoka.

4. Ukimaliza kuvuna, ng'oa mashina yote uyachome. Yakichipua tena huwalea wadudu, na pamba yake huchanganyika na ya msimu mpya.

Jembe halibadili jeni. Lakini waweza kuilinda mbegu njema isichafuliwe, na kuipa nafasi ya kutimiza maagizo yake. Ukiwa na shaka juu ya mbegu uliyopewa, usiipande kwanza. Mpelekee Bwana Shamba wa kata yako, pamoja na mfuko wake wenye lebo, aitazame kabla mvua hazijaanza.